Siku za Kwanza na Kivinjari Kigeni

Kivinjari ni programu inayoleta kurasa za mtandao kwenye kompyuta au simu. Huitafuta seva yenye ukurasa, hupokea kutoka kwake maandishi, picha na maelekezo, kisha huvipanga vyote kwenye skrini visomeke. Jina lake limetokana na kitenzi kuvinjari, yaani kuzungukazunguka mahali kwa kuangalia, kama chombo kinachofanya doria baharini. Neno hilo limechaguliwa vizuri, ila lina upande mmoja lisioutaja: kivinjari hakizunguki tu, pia kinakumbuka. Kurasa zilizofunguliwa, manenosiri yaliyohifadhiwa, anwani zilizoandikwa mara mojamoja na zile za kila siku, vyote huacha alama ndani yake. Kwa hiyo mtu anayekiacha kivinjari cha zamani na kufungua kigeni huwa kama aliyehamia nyumba mpya usiku. Vyumba ni vyumba, milango ni milango, lakini swichi ya taa haipo pale mkono ulipozoea kuipapasa.

Mengi yanayomsumbua mtu huyo siku ya kwanza hayatokani na programu mpya. Yanatokana na kumbukumbu iliyobaki katika ile ya zamani. Asiyetenganisha mambo hayo mawili hukihukumu kivinjari kwa makosa yasiyo yake, na wakati mwingine hukisifu kwa sifa ambazo baada ya mwezi hazitakuwepo.

Watu wamekuwa wakihama tangu zamani. Kivinjari cha kwanza kiliandikwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, nacho kilifanya kazi kwenye aina moja tu ya kompyuta, NeXT. Mwaka 1993 Mosaic ilitoka katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, na waliokutana nayo walivutiwa na jambo ambalo leo halimshangazi mtu yeyote: picha ilikaa ndani ya ukurasa uleule wenye maandishi, badala ya kufunguka kando katika dirisha lake. Netscape Navigator ikafuata mwaka 1994, na Internet Explorer ya Microsoft mwaka 1995. Hiyo ya mwisho iliwekwa ndani ya Windows, na kwa miaka mingi wapo walioiona ile alama ya herufi e ya buluu wakaamini kuwa ndiyo intaneti yenyewe. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliifikisha Microsoft mahakamani, na namna kivinjari hicho kilivyofungamanishwa na Windows ilikuwa kiini cha mashtaka.

Firefox ilipotoka Novemba 2004, aliyehamia kutoka Internet Explorer aliona tofauti mbili palepale. Kurasa nyingi zilikaa katika dirisha moja, kila mmoja na kichupo chake, na matangazo yaliyozoea kuruka yenyewe mbele ya macho yalizuiwa. Opera ya Norway ilikuwa na vichupo kabla yake, lakini Firefox ndiyo iliyovifikisha kwa watu wengi. Chrome ya Google, iliyotolewa Septemba 2008, ilimpokea mgeni kwa vitu vichache: fremu nyembamba, vitufe vya kuhesabika na kisanduku kimoja cha kuandikia anwani na kutafutia. Jambo kubwa zaidi halikuonekana kwa macho. Vichupo viliendeshwa kwa kutenganishwa, hivyo ukurasa mmoja ukikwama, nyingine ziliendelea na kazi. Aliyezoea kupoteza kurasa kumi kwa kosa la mmoja aliitambua faida hiyo siku ya kwanza ya kukwama, si siku ya kwanza ya kutumia.

Siku hizi pigo la kwanza la uhamaji hutua kwenye upau wa anwani. Mtu ambaye kila asubuhi huandika herufi mbili, "mw", akabonyeza Enter na kuletewa tovuti ya gazeti la Mwananchi, hufanya vilevile katika kivinjari kipya. Badala ya gazeti anapata ukurasa wa matokeo ya utafutaji wa "mw", wenye vifupisho na vitu asivyovihitaji. Hapo husema kivinjari hiki hakina akili. Ukweli ni kwamba kile cha zamani hakikuwa na akili zaidi. Kilikuwa kimehesabu kwa miezi ni ukurasa gani unaofunguliwa mara nyingi na ulifunguliwa lini mara ya mwisho, kikaziunganisha herufi hizo mbili na gazeti hilo. Kipya hakina cha kuhesabu. Baada ya kuandika anwani kamili mara chache, nacho huanza kuikamilisha chenyewe, na lawama ile husahaulika bila mtu kukumbuka kuwa aliwahi kuitoa.

Pigo la pili halieleweki upesi, maana linahusu majina. Watu wengi husema "ingia Google" wakimaanisha kufungua kivinjari, ilhali Google ni mtambo wa kutafuta na kivinjari ni chombo cha kusafiria. Chrome humpeleka mtafutaji Google, lakini Edge ya Microsoft, ikiachwa jinsi ilivyokuja, humpeleka Bing. Mtu aliyehama akaandika swali lilelile la jana anaweza kupata majibu mengine, kwa mpangilio mwingine, akahitimisha kwamba kivinjari kipya hakijui kutafuta. Kivinjari hakitafuti chochote. Hupeleka swali kwa mtambo kilichoambiwa kuutumia. Kuubadilisha mtambo huo ni kazi ya dakika moja katika mipangilio, na ingefaa iwe kazi ya kwanza kabisa kwa kila mhamaji, kabla hajajadili kingine chochote.

La tatu ndilo linaloumiza. Tovuti zote zilizokuwa zikimfungulia mtu bila maswali, kuanzia barua pepe hadi mitandao ya kijamii, sasa zinamtaka ajitambulishe upya. Sababu ni vidakuzi: vijifaili vidogo ambavyo tovuti huvihifadhi ndani ya kivinjari, baadhi vikiwa na namba ya utambulisho. Kivinjari kinaporudi kwenye tovuti huionyesha namba hiyo, na tovuti humtambua mteja wake kama bawabu anayekumbuka sura. Vidakuzi vya Chrome havionekani ndani ya Firefox. Kwa tovuti, mtu yuleyule, kwenye kompyuta ileile, ni mgeni.

Usumbufu huo kwa kawaida huisha kwa kuandika nenosiri, lakini upo mtego ambao huku kwetu huwanasa wengi. Huduma nyingi zikiona kivinjari zisichokifahamu hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye simu. Ikiwa akaunti ilifunguliwa kwa laini ambayo mwenyewe ameshaiacha, au ambayo kampuni ya simu imeifunga kwa kutotumika na kumpa mteja mwingine, namba hiyo haitamfikia. Katika kivinjari cha zamani tatizo lilikuwepo siku zote, limelala chini ya kidakuzi. Kuhama ndiko kulikoliamsha. Anayepanga kuhama na aanzie huku: akiwa bado yumo ndani ya akaunti zake, aangalie namba ya simu na barua pepe ya akiba zilizoandikwa humo ni zipi, na kama bado ni zake.

Mikono nayo ina kumbukumbu yake. Njia nyingi za mkato za kibodi zimekuwa mali ya wote: Ctrl na T hufungua kichupo kipya, Ctrl na W hukifunga, Ctrl na L huupeleka mshale kwenye anwani, na Ctrl, Shift na T hukirudisha kichupo kilichofungwa kwa bahati mbaya. Ugumu uko kwenye chache zinazotofautiana. Kwenye Windows, dirisha fiche la Chrome hufunguliwa kwa Ctrl, Shift na N. Katika Firefox vitufe hivyohivyo hurudisha dirisha lililofungwa, na la faragha hufunguliwa kwa Ctrl, Shift na P. Aliyekusudia kufungua dirisha la siri mbele ya mwenzake anaweza kujikuta amelirudisha hadharani lile alilolifunga muda mfupi uliopita. Kwenye simu tofauti ni ya kidole. Mwaka 2021 Apple iliuhamisha upau wa anwani wa Safari ya iPhone kutoka juu kwenda chini, kidole gumba kinapofika kwa urahisi, na bado ikalazimika kuwaachia watu nafasi ya kuurudisha juu. Chini kulikuwa na urahisi, lakini juu kulikuwa na mazoea.

Kuhusu kasi, maoni ya siku ya kwanza hayafai kuaminiwa, yawe mazuri au mabaya. Kivinjari kipya hakina viendelezi, yaani programu ndogo za kukiongezea uwezo, hakina vichupo arobaini vilivyoachwa wazi tangu mwezi jana, hakina mzigo wa historia. Kwa hiyo hufunguka haraka na kumfurahisha mgeni. Wakati huohuo ghala lake la muda ni tupu. Kivinjari kilichozoea tovuti huwa kimeweka nembo, picha na sehemu za maelekezo yake kwenye kifaa, kikirudi hakizipakui tena. Kigeni hulazimika kupakua kila kitu, hivyo ziara ya kwanza katika kila tovuti huwa nzito na hula bando zaidi. Sifa moja imezidishwa na lawama moja imezidishwa, zote kwa sababu ya utupu. Kipimo cha haki ni kutembelea tovuti zilezile kwa wiki moja au mbili, viendelezi vilevile vikiwa vimewekwa pande zote mbili.

Katika suala hilo la bando, hakuna uhamaji uliowagusa watu wa Afrika Mashariki kuliko ule wa kutoka Opera Mini. Kivinjari hicho kilisambazwa duniani Januari 2006, wakati simu za vitufe zilipokuwa na skrini ndogo, kumbukumbu haba na mtandao wa kusuasua. Ujanja wake ulikuwa wa aina ya pekee. Simu haikuufuata ukurasa wenyewe. Iliiomba seva ya Opera, seva ikauchukua ukurasa, ikazibana picha, ikaendesha maelekezo yake, kisha ikatuma kwenye simu kifurushi kidogo kilichokwisha kupangwa. Ukurasa ambao ungemaliza salio ulifika ukiwa sehemu ndogo tu ya uzito wake. Kizazi kizima kilisoma habari, kikatafuta matokeo ya mitihani na kuzungumza na jamaa walio mbali kwa njia hiyo, na heshima ambayo programu hiyo bado inayo miongoni mwa watu inastahili.

Aliyetoka huko kwenda Chrome alipata mshtuko wa namna mbili. Kwanza, megabaiti zilizokuwa zikimtosha wiki zilikwisha kwa siku chache. Pili, mambo yaliyokuwa hayawezekani yaliwezekana ghafla: fomu ndefu za maombi zilikubali kujazwa hadi mwisho, ramani zilisogea chini ya kidole, na kitufe kilichokuwa hakiitikii kiliitikia. Yote mawili yana chanzo kimoja. Kwa kuwa maelekezo ya ukurasa yaliendeshwa kwenye seva ya mbali na kwa muda mfupi tu, tovuti iliyohitaji kuwasiliana na mtumiaji hatua kwa hatua ilikatika katikati. Chrome huendesha maelekezo hayo ndani ya simu yenyewe, nayo hulipia uwezo huo kwa data. Kulikuwa na tofauti nyingine isiyoonekana. Katika ule mtindo wa kubana kupita kiasi, seva ya kati hulazimika kuufungua ukurasa hata kama umefungwa kwa usimbaji, ndipo iweze kuubana; kwa kazi za benki, njia ya moja kwa moja kati ya simu na tovuti ni bora zaidi. Kwa miaka kadhaa Chrome nayo ilikuwa na hali yake ya kupunguza data kwenye Android, lakini Google iliiondoa mwaka 2022. Opera Mini ipo hadi leo, na mwenye bando dogo hana sababu ya kuiacha kabisa. Anaweza kusomea habari huko na kujazia fomu kwingine.

Baada ya siku kadhaa mhamaji huanza kujiuliza mbona vivinjari vinafanana. Jibu liko kwenye injini, ile sehemu ya ndani inayoyageuza maelekezo kuwa ukurasa. Chrome, Edge, Opera, Brave, Vivaldi na Samsung Internet zote zinatumia injini moja, Blink, inayoendelezwa zaidi na Google. Opera iliachana na injini yake mwaka 2013, na Edge ikafuata Januari 2020. Safari inatumia WebKit, na Firefox inatumia Gecko. Kwenye iPhone kwa miaka mingi Apple ilivitaka vivinjari vyote vitumie WebKit, hivyo Chrome ya iPhone ilikuwa vazi juu ya mwili wa Safari. Ni mwaka 2024 tu, kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, ndipo injini nyingine ziliporuhusiwa, nazo wakati huo katika nchi za umoja huo peke yake. Anayehama kutoka Chrome kwenda Edge amebadilisha rangi ya nyumba na mmiliki wake, lakini msingi ni uleule. Anayehamia Firefox kwenye kompyuta amebadilisha msingi.

Kubadilisha msingi kuna gharama yake ndogo. Tovuti nyingine hujengwa na kujaribiwa kwenye Chrome peke yake, kisha humwambia mgeni atumie kivinjari hicho au huonyesha kitufe kisichofanya kazi. Hilo ni kosa la mjenzi wa tovuti, na ni kosa la kusikitisha hasa tovuti inapokuwa ya huduma ambayo mwananchi hana namna ya kuikwepa. Lakini kabla ya kumlaumu mjenzi inafaa kuangalia ngao. Tangu mwaka 2019 Firefox huzuia kwa kawaida vidakuzi vinavyomfuatilia mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine, na mwaka 2022 ilianza kuvitenga vidakuzi vya kila tovuti katika chungu chake. Mara chache ulinzi huo huzuia pia kitu halali, kama dirisha la malipo au video iliyopachikwa kutoka kwingine. Alama ya ngao iliyo kushoto mwa anwani humwezesha mtu kulegeza ulinzi kwa tovuti hiyo moja, bila kuugusa kwingineko. Mgeni asiyeijua ngao huona ukurasa umevunjika na kurudi alikotoka.

Viendelezi pia vimekuwa sababu ya watu kuhama. Kuanzia mwaka 2024 Chrome ilianza kuzima viendelezi vilivyoandikwa kwa kanuni za zamani, kikiwemo uBlock Origin, kizuia matangazo kinachopendwa sana, na baadhi ya waliokitegemea wakaenda Firefox ambako kinaendelea kufanya kazi. Kwa watu wa aina hiyo taswira ya kwanza ya Firefox ilikuwa ukurasa mtulivu, usio na matangazo, kama walivyouzoea. Walihama ili pasibadilike kitu.

Mizigo yenyewe huhamishwa kwa njia tofauti kwenye kompyuta na kwenye simu. Kwenye kompyuta kivinjari kipya huuliza mara ya kwanza kama kilete vitu kutoka kile cha zamani, na alamisho na historia huja kwa kubofya mara moja. Ndipo upau wa anwani unapopata kumbukumbu yake na lawama nyingi za siku ya kwanza zinapozimika. Wengi hubofya "baadaye" na hawarudi tena kwenye swali hilo, jambo linalowafanya wapate tabu ya bure. Kwenye simu mambo ni magumu zaidi, kwa sababu Android na iPhone haziruhusu programu moja kuchungulia hifadhi ya nyingine. Njia ya kawaida ni kuvihamisha vitu kwanza kwenye kompyuta, kisha kuingia kwa akaunti ya kivinjari kipya kwenye vifaa vyote viwili ili visawazishwe.

Manenosiri yanataka uangalifu wa pekee. Kivinjari kikiyatoa nje huyaandika kwenye faili la aina ya CSV, ambalo ni maandishi matupu. Likifunguliwa huonyesha mistari: anwani ya tovuti, mkato, jina la mtumiaji, mkato, nenosiri lenyewe herufi kwa herufi, bila kufuli la aina yoyote. Yeyote anayelikuta kwenye folda ya vilivyopakuliwa anazo funguo zote za mwenye nyumba. Faili hilo halifai kutengenezwa kwenye kompyuta ya watu wengi, wala kujitumia kwa WhatsApp, na likishaingizwa kwenye kivinjari kipya hufutwa mara moja, pamoja na nakala yake iliyo kwenye kapu la takataka.

Hata baada ya hayo, kiungo kilichotumwa na ndugu kwenye WhatsApp kitaendelea kufunguka katika kivinjari cha zamani mpaka kipya kiteuliwe kuwa chaguo la kawaida katika mipangilio ya simu yenyewe. Viungo vya ndani ya Facebook ni jambo jingine tena, kwa kuwa programu hiyo huvifungua katika kivinjari chake cha ndani, ambacho hakina manenosiri wala vidakuzi vya vivinjari vingine. Wengi wamekitumia kwa miaka bila kujua kuwa ni kivinjari.

Kile cha zamani hakiondolewi siku hiyohiyo. Kikiachwa mwezi mmoja hutoa nafasi ya kurudia akaunti iliyosahaulika, ambayo bado iko wazi humo. Muda huo ukipita, hutakiwa kutolewa kwenye akaunti zote na kufutwa data yake, kwa sababu kivinjari kisichotumiwa huendelea kuyashika manenosiri na kuwafungulia milango wote wanaokaa mbele ya kompyuta hiyo. Kwenye simu nyingi za Android Chrome ilikuja na kifaa na haiwezi kung'olewa. Inaweza tu kuzimwa, na ikizimwa hukaa pale ilipo hadi mwenye simu atakapoamua kuiwasha tena.